Shabiki Naye Ameibiwa

Wiki hii nimeulizwa suali na fundi baiskeli wa hapa Mgogoni, kisiwani Pemba, na suali lenyewe sikuweza kulijibu papo hapo. Ni mtu mzima, na kwa miaka mingi amekuwa akifuatilia mbio za baiskeli za Ulaya, kwanza kwa redio, kisha kwa televisheni ya jirani, na siku hizi kwa simu ya mjukuu wake. Wengine wetu tuna Simba na Yanga, wengine wana Arsenal na Manchester. Yeye ana Tour de France. Ukimpelekea gurudumu lililopinda mwezi wa Julai, jua utakwenda kulichukua Agosti.

Suali lake lilikuwa hili: "Mwanangu, wale waliotumia dawa wamenyang'anywa vikombe. Waliodhulumiwa wengine wamepewa haki yao. Mimi niliyekaa kitako nikawapigia makofi, nani atanirejeshea changu?"

Nilicheka, naye hakucheka. Basi nimelibeba suali lile mpaka hapa kwenye kipaza sauti, kwa sababu linagusa mahali ambapo habari za dawa michezoni hazifiki. Akikamatwa mtu, sisi watangazaji husoma jina lake, jina la dawa na miaka aliyofungiwa. Kisha tunahamia hali ya hewa. Mtazamaji hatajwi. Sheria za michezo zina vifungu kuhusu mchezaji, daktari, kocha na medali. Hazina hata mstari mmoja kuhusu yule aliyeamini.

Kwa asiyeujua mchezo huu, nieleze kidogo. Tour de France ni siku 21 za mashindano ndani ya wiki tatu, zaidi ya kilomita 3,000, na ndani yake kuna milima ya Alps na Pyrenees. Upo mlima unaitwa Alpe d'Huez, una kona 21, na watu hulala kandokando ya barabara usiku kucha ili wawaone waendeshaji wakipita kwa dakika chache. Hakuna tiketi. Unasimama tu, unapiga kelele, unarudi nyumbani.

Sasa, Pemba yetu si tambarare. Ni vilima na mabonde. Yeyote aliyewahi kupandisha baiskeli yenye gunia la karafuu kwenye keria, au aliyempakia mgonjwa kumpeleka kituo cha afya, anajua mlima ni kitu gani. Anajua pale miguu inapokataa, mnyororo unapolia, na mtu anapoamua kushuka asukume au akaze meno amalize. Kwa hiyo fundi wetu akimwona mtu anaipanda Alpe d'Huez haangalii picha tu. Anahisi mapajani mwake. Na ndiyo maana udanganyifu wa mchezo huu unamuuma kuliko bao la mkono. Katika mpira kuna bahati, kuna refa, kuna nguzo ya goli. Mlima hauna refa. Shabiki wa baiskeli anaamini kitu kimoja tu: kwamba maumivu anayoyaona ni ya kweli, na kwamba aliyeshinda ameyavumilia kuliko wenzake. Ukiondoa hilo, kinachobaki ni watu waliovaa nguo za rangi.

Dawa hazikuanza jana. Tarehe 13 Julai 1967 Muingereza Tom Simpson, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1965, alianguka kwenye mteremko wa Mont Ventoux, jua likiwa kali, akafa. Alikutwa na amfetamini, dawa inayomfanya mtu asisikie uchovu. Uchovu ni kengele ambayo Mwenyezi Mungu ametuwekea mwilini. Yeye aliizima.

Lakini yaliyokuja miaka ya 1990 yalikuwa ya aina nyingine. Tarehe 8 Julai 1998 askari wa forodha wa Ufaransa walilisimamisha gari la timu ya Festina karibu na mpaka wa Ubelgiji. Dereva alikuwa mkandaji wa timu, Willy Voet. Ndani mlikuwa na mamia ya vichupa vya dawa, na nyingi zilikuwa EPO.

EPO ni homoni ambayo figo zetu sote huitengeneza. Kazi yake ni kuuamrisha uboho wa mifupa utoe chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Ya kiwandani ilitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa figo wenye upungufu wa damu, na imewasaidia wengi. Mwendesha baiskeli aliye mzima akijidunga hupata damu nzito yenye oksijeni nyingi, akapanda mlima kama mtu anayesukumwa mgongoni. Hatari yake ni kwamba damu ikizidi uzito moyo hutaabika kuisukuma.

Chama cha baiskeli cha dunia, UCI, kilikuwa hakina kipimo cha kuigundua. Mwaka 1997 kikaweka kikomo: chembe nyekundu zisizidi asilimia 50 ya damu. Kikomo kile kiligeuka ruhusa. Watu walijidunga mpaka wakalikaribia hamsini wakasimama hapo, kama dereva anayejua askari wa barabarani amejificha wapi. Kipimo chenyewe cha EPO kilianza kutumika kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000.

Katika mbio zile za 1998 Festina walifukuzwa, polisi wakaingia hotelini, waendeshaji wakagoma barabarani. Walianza 189, wakamaliza 96. Nyota wa Festina, Richard Virenque, alilia mbele ya kamera akikana, na akaendelea kukana zaidi ya miaka miwili, mpaka mahakamani mjini Lille, Oktoba 2000, alipokubali. Fundi wetu anamkumbuka khasa kwa machozi yale. Anasema angeweza kumsamehe sindano, machozi hapana.

Waandaaji wakaahidi kwamba mbio za 1999 zingekuwa za mwanzo mpya. Na akaja mtu ambaye kwa mwanzo mpya hakuna angefaa kuliko yeye: Lance Armstrong wa Marekani, aliyegunduliwa na saratani Oktoba 1996, saratani iliyokwisha kufika mapafuni na kwenye ubongo. Alipona, akarudi, akashinda. Akashinda tena na tena, mara saba mfululizo, kuanzia 1999 hadi 2005. Vile vikanda vya mpira vya manjano vya taasisi yake ya saratani viliuzwa duniani kwa makumi ya milioni, na vya kuiga vikafika mpaka kwenye meza za wachuuzi wetu.

Hapo naomba nisimame kidogo, maana katika mbio zile za 1999 kulikuwa na mtu ambaye jina lake lilistahili kusomwa redioni kila siku, na halikusomwa. Anaitwa Christophe Bassons, Mfaransa. Mwaka uliotangulia alikuwa katika timu ileile ya Festina, na wenzake walipohojiwa na wachunguzi walisema yeye hakuwa anatumia. Mwaka 1999 alikuwa na timu nyengine, na aliandika safu katika gazeti la Le Parisien akieleza kwamba mwendo wa waendeshaji ulimtia shaka. Wenzake wakamsusia. Kwenye hatua ya kwenda Alpe d'Huez, Armstrong alimkaribia akamwambia kwamba maneno yake yanauharibu mchezo na kwamba ni bora aondoke. Siku mbili baadaye Bassons akafunga virago. Mwaka 2001 aliacha kabisa mashindano ya kulipwa, akawa mwalimu wa michezo.

Mkweli alifukuzwa barabarani, na barabara yote iliona. Mashabiki nao wengi walikuwa upande wa bingwa. Hadithi ya mgonjwa aliyefufuka ilikuwa tamu mno, na aliyeigusa alionekana hasidi. Hili fundi wetu hapendi kulisikia, lakini nimemwambia: aliyeiba aliingia kwa mlango ambao watazamaji waliufungua wenyewe, kwa mapenzi.

Oktoba 2012 shirika la Marekani la kupambana na dawa michezoni, USADA, lilitoa ripoti yenye ushahidi wa waliokuwa wenzake wa timu. EPO, kuongezewa damu, testosteroni. Akafungiwa maisha, na ushindi wote saba ukafutwa. Januari 2013 akakubali mwenyewe kwenye televisheni, mbele ya Oprah Winfrey. Na tazama jambo hili: zile nafasi saba hazikupewa mtu. Ukifungua orodha ya washindi wa Tour de France, kuanzia 1999 mpaka 2005 hakuna jina. Waliomfuata, wengi wao pia walikuwa na kesi za dawa, ungempa nani? Miaka saba ya Julai za fundi wetu imeandikwa kwamba hakushinda mtu.

Wapo wanaosema, basi, kama wengi wanatumia, dawa ziruhusiwe, kila mtu ajidunge, ijulikane moja. Hoja hii nimeisikia barazani na nimeisikia kwa wasomi. Mimi naikataa, tena kwa sababu inayotuhusu sisi kuliko wengine. Dawa za namna hii hazifanyi kazi zenyewe. Zinataka daktari wa kupanga dozi, friji, damu ya akiba, na fedha za kuwalipa watu wanyamaze. Armstrong hakuwa na sindano tu, alikuwa na Michele Ferrari, daktari wa Italia ambaye naye amefungiwa maisha. Siku zikiruhusiwa, atashinda mwenye daktari bora. Kijana wa Mgogoni, wa Iten au wa Asmara hana daktari bora. Ana mapafu na miguu. Ukiufuta mstari unaotenganisha mapafu na maabara, umemfungia mlango huyu kabla hajanunua baiskeli.

Na sisi wa Afrika Mashariki hatuyatazami haya kwa mbali. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Ujanani mwake alifundwa baiskeli na David Kinjah, katika kijiji kimoja huko Kikuyu, kwenye kundi la vijana ambao wengi hawakuwa na chochote. Mwaka 2006 aliiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Melbourne. Baadaye, 2008, akahamia bendera ya Uingereza. Fundi wetu humwita "yule wa kwetu", hata kama pasipoti inasema vyengine.

Septemba 2017, kwenye mbio za Hispania, mkojo wa Froome ulikutwa na salbutamol, dawa ya pumu ya kuvuta, nanogramu 2,000 kwa mililita, wakati kikomo ni 1,000. Habari ikavuja Desemba. Miezi ikapita watu wakibishana, na tarehe 2 Julai 2018, siku chache kabla Tour haijaanza, UCI ikaifunga kesi: baada ya kupata maoni ya shirika la dunia la WADA, iliridhika kwamba hakuvunja kanuni. Salbutamol inaruhusiwa kwa kuvuta, na kesi nzima ilikuwa juu ya kiwango. Kisheria Froome ni mtu safi, na mimi nasimama na hukumu hiyo.

Lakini kabla hata ya kesi ile kuwapo, Julai 2015, alisema kwamba mtu mmoja kandokando ya barabara alimmwagia kikombe cha mkojo huku akimwita mtumia dawa. Hakuwa na kosa lolote lililothibitishwa. Aliyekuwa akilipiwa kisasi alikuwa Armstrong. Aliyelowa alikuwa Froome. Hivi ndivyo deni la mdanganyifu linavyolipwa na anayekuja nyuma yake.

Na kuna kisa chake chengine kinachojibu nusu ya suali la fundi. Mwaka 2011, Froome akiwa bado hajulikani, alikuwa wa pili katika mbio za Hispania, nyuma ya Juan José Cobo kwa sekunde 13. Wiki tatu za kupanda na kushuka, tofauti sekunde kumi na tatu. Miaka minane baadaye, kwa kutumia kumbukumbu za damu ambazo UCI ilianza kuzitunza mwaka 2008, Cobo alipatikana na hatia, na ushindi ukaenda kwa Froome. Tangazo la hatia lilitolewa tarehe 13 Juni 2019. Froome alikuwa kitandani hospitalini Ufaransa: siku moja kabla yake alianguka vibaya akiwa mazoezini, akavunjika paja, kiwiko na mbavu. Hakupata tena kushinda mbio kubwa. Haki yake ilimkuta amefungwa bandeji.

Kombe linaweza kurejeshwa. Ile jioni ya Septemba 2011 mjini Madrid, ambapo kijana wa Nairobi angesimama juu kabisa, ambapo watoto wa Kikuyu wangesema tumemwona, haipo katika ghala lolote. Hata UCI haiwezi kuituma.

Kutoka baiskeli twende mbioni kwa miguu, ambako kidonda ni chetu zaidi. Mkenya akishinda mbio ndefu, sisi wa pwani na visiwani hushangilia kana kwamba ameshinda mtoto wa shangazi. Beijing, Agosti 2008, kijana wa miaka 19, Asbel Kiprop, alimaliza wa pili katika mita 1,500. Mshindi alikuwa Rashid Ramzi, aliyekimbilia Bahrain. Ramzi akakutwa na CERA, ambayo ni EPO ya kizazi kipya, na dhahabu ikahamishiwa kwa Kiprop. Kiprop akawa bingwa wa dunia 2011, 2013 na 2015. Mtu mrefu, mwembamba, anakimbia kama twiga aliyechelewa shule. Tulimpenda. Na tulimpenda zaidi kwa kuwa alikuwa amedhulumiwa.

Novemba 2017 wapimaji walikwenda kwake Iten, na sampuli yake ikakutwa na EPO. Alikana, akasema sampuli ilichezewa. Wasimamizi wa riadha walikiri kwamba aliarifiwa mapema kuhusu kupimwa, jambo lisiloruhusiwa, lakini baraza la hukumu halikuukubali utetezi wake, na Aprili 2019 akafungiwa miaka minne. Yule aliyeonja uchungu wa kuibiwa dhahabu akaishia kwenye orodha moja na aliyemwibia. Sijui habari yoyote ya michezo iliyowanyamazisha watu barazani kama ile.

Kabla yake, Jemima Sumgong alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda marathoni ya Olimpiki, Rio, 2016. Mwaka uliofuata alikutwa na EPO. Eunice Kirwa, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa wa pili siku ile kwa bendera ya Bahrain, naye alikutwa na EPO mwaka 2019. Dhahabu ya Rio haikuguswa, kwa kuwa vipimo hivyo ni vya baadaye. Sheria ni sheria. Lakini waulize waliokesha.

Na karibuni zaidi, Ruth Chepngetich. Tarehe 13 Oktoba 2024, Chicago, alikimbia marathoni kwa saa 2:09:56, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya saa mbili na dakika kumi. Aliivunja rekodi iliyokuwapo kwa karibu dakika mbili. Mwandishi mmoja alipomuuliza siku ile kuhusu shaka za dawa, wabunge wa Kenya walisimama bungeni kumtetea. Machi 2025 akapimwa, akakutwa na HCTZ, dawa ya shinikizo la damu inayoondoa maji mwilini na ambayo hutumika pia kuficha dawa nyengine. Kikomo ni nanogramu 20. Yake ilikuwa 3,800. Alisema alitumia dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani. Oktoba 2025 akafungiwa miaka mitatu. Rekodi ya Chicago imebaki vitabuni, kwa kuwa ilikuja kabla ya kipimo kile.

Kenya haikukaa kimya. Mwaka 2016 ilitunga sheria na kuunda shirika lake la kupambana na dawa, na mwisho wa 2022, ilipokuwa karibu kufungiwa nchi nzima, serikali iliahidi dola milioni 25 kwa miaka mitano. Wengi wanaokamatwa sasa wanakamatwa kwa sababu wanatafutwa. Hilo lisemwe. Lakini mimi nataka kuona majina mengine. Katika kesi ya Festina walifikishwa mahakamani meneja na mkandaji. Katika kesi ya Armstrong walifungiwa daktari na meneja. Katika riadha yetu, mara nyingi jina ni la mkimbiaji peke yake, kama kwamba EPO huota shambani na yeye alikwenda kuichuma. Nani kaiuza? Nani kamdunga? Nani alikuwa anachukua asilimia yake ya zawadi? Katika mpira wetu, timu ikifungwa husemwa wenzao wamekwenda kwa mganga, na mganga angalau hutajwa jina.

Sasa nirudi kwa suali: nani atamrejeshea shabiki chake?

Kipo kisa kimoja cha Boston. Aprili 2014 Rita Jeptoo wa Kenya alishinda marathoni ya huko. Baadaye mwaka uleule alikutwa na EPO, na mwaka 2016 mahakama ya usuluhishi wa michezo ikayafuta matokeo yake ya Boston. Ushindi ukawa wa Buzunesh Deba, mzaliwa wa Ethiopia anayeishi New York. Kwenye karatasi alikuwa bingwa, lakini fedha za ubingwa zilikawia miaka. Mwaka 2024 gazeti moja la Marekani liliandika habari zake. Mfanyabiashara mmoja aliyeisoma, mtu tu anayeipenda marathoni ile, asiye na deni lolote kwake, akamtumia dola 75,000 kutoka mfukoni mwake.

Nilipomsimulia fundi kisa hiki alinyamaza, kisha akasema, "Huyo kamlipa mkimbiaji. Bado mimi." Hana haya. Lakini mimi naona yule Mmarekani alijilipa na yeye pia. Alikuwa ameshangilia mtu asiyestahili, na miaka kumi baadaye akapeleka shangwe yake kwa mwenyewe. Si kila mtu ana dola 75,000. Kulijua jina la Bassons hakuna bei. Kulitaja jina la Deba barazani hakuna bei.

Wengine wameamua kuacha kutazama. Nawaelewa, siwafuati. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, na vilima vile vilijaa watu waliokuja na watoto mabegani. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na jezi ya kijani, Mwafrika mweusi wa kwanza kufika hapo. Mchezo umefika mlangoni kwetu sasa. Tukiufungia dirisha tutakuwa tumewaachia wadanganyifu nyumba nzima.

Na siku chache kabla ya Kigali, tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, mtoto wa Singida, Alphonce Simbu, alishinda marathoni ya dunia. Saa 2:09:48, muda uleule na Mjerumani Amanal Petros, wakatenganishwa kwa sehemu tatu za mia za sekunde, kifua kwa kifua, baada ya kilomita 42. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Nilikuwa na watu sebuleni na tulipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Katika wale waliokuwapo alikuwamo kijana mmoja, mwanafunzi, akasema taratibu, "Tusubiri kwanza. Siku hizi husherehekei mpaka ipite miaka kumi." Hakuwa na ubaya. Amekulia katika habari za Kiprop na Sumgong, hajui kushangilia kwengine. Nikamuuliza kama ana neno lolote juu ya Simbu. Hana. Hakuna aliye nalo. Basi nikamwambia akae, marudio yanaanza, aangalie zile mita mia za mwisho, na apige kelele leo leo.